Nyama ya Wakwe

Athumani alikuwa anakuja kuposa, lakini hakuwa anakuja kujiposea. Alikuwa anamposea mwanawe, Omari, na binti aliyekuwa anaposwa ni Ziada, mtoto wa Zaituni. Shida ilikuwa hapo. Zaituni alimpenda Athumani, Athumani alimpenda Zaituni, na katika ukoo ule wa Usangi watu wakishakuwa wakwe hawaoani. Hata kushikana mikono hawashikani.

Jambo hilo walilijua wao wawili tu. Watoto hawakujua, wifi yake Zaituni hakujua, na marehemu Hamisi, mume wa Zaituni, alikwenda kaburini bila kujua.

Lilianza zamani, mwaka ule wa Uhuru. Zaituni alikuwa msichana wa kazi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, huko chini tambarare. Meneja alikuwa Mgiriki mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa. Athumani alikuwa msaidizi wa mpishi. Baba yake Athumani alitoka Kigoma akaja kukata mkonge, akawa manamba, kibarua wa mkataba, mpaka akafa, akazikwa palepale shambani. Mke wa meneja ndiye aliyewafundisha vijana hao wawili kuoka nyama ya ng'ombe: unachagua pande zima la paja, unalitoboa na kuchomeka kitunguu saumu na tangawizi, unalifunga kwa kamba ya katani lisitawanyike, unaliweka ndani ya chungu cha chuma, kisha unapalia makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Halafu unangoja.

Kungoja huko ndiko kulikofanya kazi. Nyama ya kuoka haina haraka, na kijana na msichana wakikaa mbele ya jiko moja bila haraka, yaliyobaki hata mtoto anayajua.

Athumani alipotuma wazee, baba yake Zaituni aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa uji wakanywa, kisha akasema, "Manamba hana kaburi la babu yake katika nchi hii. Akimtesa binti yangu nimfuate wapi? Kwenye mkonge?" Wiki iliyofuata alishuka mwenyewe, akamchukua binti yake, akampandisha mlimani. Akaolewa na Hamisi, fundi seremala. Hamisi hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe kwa haki. Alikuwa mpole, alijenga nyumba ya mawe, alimpenda mkewe kwa namna yake ya kimya. Alipokufa Zaituni alimlilia kwa kweli.

Athumani naye alioa huko Same, akapata mtoto, akafungua bucha karibu na stesheni. Mkewe akafa kwa homa.

Mwaka uliotangulia posa hiyo, Zaituni alishuka Same kutafuta sukari na sabuni, vitu ambavyo siku hizo vilitafutwa kama ng'ombe aliyepotea. Alikuwa amesimama kwenye foleni juani aliposikia mtu anamwita nyuma yake.

"Zai."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumwita hivyo. Aligeuka. Athumani alikuwa amevaa aproni yenye damu, ana mvi masikioni, na macho yaleyale. Walisimama wakatazamana mpaka mama mmoja nyuma akauliza kama foleni inakwenda au imepanga kulala pale.

Siku hiyo Athumani alimwambia, "Idi ikipita nitapanda na wazee wangu. Safari hii baba yako hayupo wa kunikataza."

Idi ikapita. Lakini kabla Athumani hajapanda, Omari, aliyekuwa dereva wa lori la kuchukua kahawa, akaja kwa baba yake akiwa ameinamisha kichwa, akasema ameona msichana huko Usangi na bila huyo haoi. Baba akauliza ni binti wa nani. Omari akasema ni binti wa Bi Zaituni, mjane wa fundi Hamisi.

Athumani aliweka kisu chini. Akamwambia mwanawe, "Sawa."

* * *

Siku ya karamu, ukungu ulichelewa kuondoka. Zaituni aliwasha moto mapema ili apate makaa mazuri. Desturi ya ukoo ilikuwa hivi: upande wa mwanamume huleta nyama, mama wa binti huipika, na jioni mbele ya watu wote mama wa binti hukata kipande cha kwanza na kumpa baba wa kijana. Baba wa kijana akila, naye hukata kipande akamrudishia. Hapo wawili hao wamekuwa wakwe. Tangu siku hiyo hawaitani majina, hawashikani mikono, hawakai benchi moja, na mwanamume haingii tena jikoni kwa mwanamke yule mpaka kifo.

Kwa kawaida nyama hiyo huchemshwa. Lakini Ziada alikuwa amesema, "Mama, usichemshe. Oka ile yako." Mzee Eliaichi, kaka mkubwa wa marehemu, alipoulizwa kama desturi inaruhusu, alijibu, "Iokwe, ichemshwe, mimi kinywani nina meno matatu. Mradi ilainike."

Wifi yake Zaituni, Rahabu, alikuwa nje anamenya ndizi. Ukoo ule ulikuwa na Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na Rahabu alikuwa amebatizwa, lakini ulimi wake hakuna maji yaliyoupunguza makali.

"Wifi," alisema, "naona wanja machoni. Leo anaposwa nani humu ndani?"

"Moshi unaniumiza macho. Wanja unazuia moshi."

"Kumbe. Nami nipake wanja nikimenya ndizi basi."

Zaituni alicheka kidogo, akajifanya anapuliza moto.

Athumani aliwasili mchana, peke yake, na nyama begani imefunikwa kwa majani ya mgomba. Wengine walikuwa nyuma na lori la Omari. Ziada alimpokea mlangoni kwa adabu, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yuko jikoni?"

"Yuko, lakini…"

"Nyama hii nimeikata mwenyewe. Lazima nimwonyeshe pande linavyokaa."

Rahabu aliinua kisu cha ndizi. "Mwanamume jikoni?"

"Shemeji, nikishakuwa mkwe sitaingia tena," alisema Athumani. "Acha niingie leo ambapo bado naruhusiwa."

"Maneno ya muuza nyama hayo. Yana mafuta." Lakini akamwachia njia, kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Ngoja nikaazime sahani kwa jirani. Za hapa zina nyufa kama visigino vyangu. Ziada, njoo unisaidie kubeba."

Wakabaki wawili.

Athumani aliteremsha nyama mezani, akafunua majani. Pande la paja, limekatwa sawasawa, juu limeachiwa tabaka la mafuta. Pembeni aliweka mafuta ya figo, kwa kuwa mafuta ya kupikia yalikuwa hayapatikani, na kitita cha kamba ya katani.

"Umekumbuka kamba," alisema Zaituni.

"Nimesahau nini, Zai?"

Zaituni aliivuta nyama karibu. Alianza kutoboa nyama kwa ncha ya kisu, akichomeka vitunguu saumu na vipande vya tangawizi. Athumani aliishika nyama isisogee. Vidole vyao vilikaribiana, vikagusana, vikaachana. Kisha walifunga kamba, mmoja akishika upande huu na mwingine upande ule, fundo baada ya fundo, kama walivyofanya jikoni kwa Mgiriki wakati redio sebuleni ilikuwa inapiga muziki wa dansi na watu kambini walikuwa wanaulizana Uhuru ukija mkonge utakatwa na nani.

"Unakumbuka ile nyama ya sherehe?" aliuliza Athumani. "Bwana alikuwa na wageni. Tukaisahau tunaongea."

"Ikashika chini."

"Mke wa bwana akaingia akanusa. Nikajua leo kazi basi."

"Ukamwambia eti huko kwenu Kigoma hupikwa hivyo hivyo."

"Na akaamini."

Walicheka, wote wawili, kicheko cha chini kama cha wezi. Zaituni alimwona tena yule kijana mwembamba aliyevaa kaptura ya kaki na kofia ya mpishi iliyokuwa inamfunika masikio. Aliona vumbi jekundu, mistari ya mkonge isiyo na mwisho, na milima ya kwao bluu kwa mbali. Wakati ule aliitazama milima hiyo akitamani isimwite nyumbani.

Waliiweka nyama chunguni na mafuta. Ikalia. Zaituni akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Athumani akavuta kigoda akakaa.

"Sikiliza," alisema. "Mtu akimuuliza shehe, shehe atamwambia hakuna dhambi. Baba wa mume na mama wa mke wanaweza kuoana. Nimeuliza."

"Shehe hakatazi. Ukoo ndio unaokataza. Na ninaishi na ukoo, siishi na shehe."

"Njoo tuishi Same basi."

"Nimwache nani na kaburi la Hamisi? Nimwache nani na Mzee Eliaichi? Wakisema mjane wa Hamisi kaolewa na baba mkwe wa bintiye, Ziada ataishi vipi? Watamwambia mama yako alikutangulia."

Athumani aliyatazama makaa. Mafuta yalikuwa yanachemka taratibu ndani ya chungu.

"Kuna njia moja," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ninyi huku nyama ya wakwe ikiungua mnafanyaje?"

Zaituni alimtazama. Alijua kwamba Athumani analijua jibu.

"Ikiungua karamu imevunjika," alijibu. "Wanasema wazee wa chini ya ardhi wamekataa. Posa inawekwa kando mpaka mvua zipite, mwaka mzima."

"Mwaka mzima," alisema Athumani. "Mwaka ni mrefu. Nitakuja mimi kabla haujaisha. Watoto watasubiri, au watapata wengine. Ni vijana. Sisi tulisubiri vya kutosha, Zai. Hutalazimika kumkataa mtu. Nyama tu. Nyama ikiungua nani atamlaumu mpishi?"

"Wewe unamfanyia hivyo mwanao?"

"Mwanangu ana miaka mbele yake. Mimi nina bucha na kitanda kimoja." Alitazama chini. "Sisemi ni vizuri. Nasema tu njia ipo. Sitagusa makaa. Jiko ni lako."

Akakunja mikono juu ya magoti. Huyo ndiye Athumani aliyempenda. Angeweza kusukuma, hakusukuma.

Zaituni alichukua koleo, akaongeza makaa. Aliyaweka juu ya kifuniko, mengi kuliko yaliyohitajika. Kisha akaongeza mengine. Alikuwa anafikiria nyumba karibu na stesheni, na mtu wa kuzungumza naye magharibi, na jina lake dogo likiitwa kutoka chumba kingine. Alikuwa amefanya yote aliyoambiwa tangu utoto: alitoka aliposhushwa, alirudi alipopandishwa, aliolewa alipoozwa. Mara moja tu katika maisha, makaa machache zaidi.

Harufu ilibadilika. Mpishi anaijua harufu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwanza ni tamu, halafu kuna ukali mdogo nyuma ya utamu, na kutoka hapo hakuna muda.

Nje zilisikika sauti. Rahabu na Ziada walikuwa wanarudi na sahani.

"Shangazi," Ziada alikuwa anasema, "na kama baba yake Omari akinikataa leo?"

"Akukatae kwa nini? Una macho, una miguu, unajua kupika."

"Sijui. Nimeota vibaya. Nikikataliwa na huyu, mimi nitaolewa na yeyote mtakayemleta. Sitajali tena ni nani."

"Usiseme hivyo."

"Ni kweli. Nitakaa tu, kama watu wengine wanavyokaa."

Zaituni alisikia maneno hayo yakiingia kifuani kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Kukaa tu. Alikuwa amekaa hivyo miaka yake yote ya ndoa, akishukuru, akipika, akikaa tu. Na binti yake alikuwa ameliona bila kuambiwa.

Alishika koleo akayaparura makaa yote juu ya kifuniko, yakaanguka sakafuni yakitoa cheche. Akashika kifuniko kwa kanga na kukiinua. Moshi ulitoka. Nyama ilikuwa imeiva, rangi ya kahawia iliyokolea, lakini chini ilikuwa imeshika kidogo.

Athumani alikuwa amesimama.

"Baba yangu alininyima," Zaituni alisema kwa sauti ya chini. "Nikimnyima Ziada, nitakuwa baba yangu aliyevaa kanga."

Athumani aliitikia kwa kichwa. Alikaa hivyo kwa muda, kichwa kikiwa kimeinama, kama anayesubiri kidole alichojikata kiache kuuma.

"Basi tuitoe kabla haijashika zaidi," alisema.

Wakaitoa pamoja. Zaituni alikata ile sehemu ya chini iliyoungua, nyeusi pembeni, akaipasua mara mbili. Nusu akampa Athumani, nusu akala yeye. Ilikuwa chungu na yenye chumvi. Walitafuna wakitazamana. Hiyo haikuwa nyama ya wakwe. Hiyo ilikuwa yao.

Rahabu akaingia na sahani kifuani, akavuta hewa. "Kuna kitu kinaungua?"

"Kilikuwa kinataka," alisema Zaituni. "Nimekiwahi."

Rahabu alimtazama wifi yake, akamtazama Athumani, akatazama kigoda. Wanja wa Zaituni ulikuwa umeshuka mashavuni. Rahabu aliweka sahani chini, akatoa upindo wa kanga yake, akampangusa wifi yake uso kama anavyopanguswa mtoto.

"Moshi," alisema Rahabu taratibu. "Moshi wa leo ni mbaya."

* * *

Jioni wakakaa wote sebuleni katika nyumba ya mawe aliyoijenga Hamisi. Wazee wa Same upande huu, wazee wa Usangi upande ule. Omari alikuwa amevaa shati jeupe lililokuwa linambana shingo. Ziada alikaa mkekani, hakuinua macho, lakini alikuwa anajua kila mahali Omari alipotazama. Mzee Eliaichi alisema maneno machache kuhusu marehemu kaka yake, akasifu harufu, akasema meno yake matatu yamejiandaa.

Nyama ikaletwa nzima kwenye sinia, pamoja na ndizi na makande. Zaituni alikata kamba ya katani. Akakata kipande cha kwanza, cha katikati, mahali nyama ilipokuwa laini na majimaji. Alikishika kwa vidole, akapiga hatua mpaka alipokaa Athumani.

Athumani alinyoosha mikono yote miwili, kama ilivyopasa. Kwa muda mfupi vidole vyake vilikuwa chini ya vidole vya Zaituni. Macho yao yakakutana, na Athumani akamtazama kama mtu anayetazama nyumba yake kutoka dirishani mwa gari linaloondoka.

Akala. Akatafuna polepole, akameza.

"Imelainika?" aliuliza Mzee Eliaichi.

"Imelainika," alisema Athumani. Akachukua kisu, akakata kipande, akampa Zaituni. "Asante, mkwe."

"Karibu, mkwe," alijibu Zaituni, akala.

Wanawake wakapiga vigelegele. Rahabu alipiga kwa sauti kuliko wote, na machozi yalikuwa yanamtoka. Watu wakadhani ni furaha. Ziada akainuka akamkumbatia mama yake kwa nguvu, akamnong'oneza, "Mama, umepika vizuri sana." Zaituni akampapasa mgongo, akamwambia aende kuwanawisha wageni.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Ziada na Omari waliishi vizuri, walizaa, walizozana kuhusu mambo madogo kama watu wanaopendana. Hakuna aliyewahi kujutia posa ile kwa sababu yao.

Upande wa pili gharama ilikuwa hii. Athumani hakuingia tena jikoni mwa Zaituni. Akija Usangi aliketi sebuleni, na chai ililetwa na mtu mwingine. Walipokutana njiani Same, kila mmoja alisogea upande wake, wakasalimiana wakitazama chini. Hawakupeana mkono msibani, hawakupeana mkono siku ya Idi, hawakupeana mkono siku mjukuu wao wa kwanza alipozaliwa na wote wawili walikuwa wamemshika kwa zamu. Jina la Zai halikutamkwa tena na mtu yeyote. Na kila Zaituni aliposhuka mjini kununua nyama, alisimama mbali kidogo na bucha ile ya stesheni, chini ya kivuli cha duka la mkabala, akamtuma mtu.